Vijiti Vyekundu na Mtungi wa Maji

Juzi binti wa kaka yangu, anayesomea udaktari, alinikalisha mbele ya kompyuta yake akanionyesha picha ya kipande cha nyama ya binadamu kilichotiwa rangi. Nyama yenyewe ilikuwa ya samawati, na humo ndani mlikuwa na madoa ya kahawia kama pilipili manga iliyomwagika kwenye shuka. Akabonyeza kitufe. Sijavaa hata miwani vizuri, mashine ilikuwa imeshalizungushia kila doa duara la kijani na kuandika jumla yake pembeni.

"Umeona, Shangazi? Nyie mlikuwa mnakesha."

"Hatukukesha, tulihesabu mchana, kwenye mwanga wa jua," nikamjibu. Sipendi kuonewa huruma. Kisha nikagusa kioo cha kompyuta kwa kidole, jambo asilolipenda yeye. "Hili doa la huku mashine yako imelihesabu, na haliko ndani ya nyama. Liko kwenye kioo kitupu."

Akasogeza uso, akatazama, akacheka. "Kweli. Ni uchafu wa rangi. Nilisahau kuchora mpaka wa nyama kwanza. Nani alikufundisha hayo?"

Nilimwambia ni habari ndefu na yeye ana mtihani. Habari yenyewe ndiyo hii.

Miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea ukingoni nilikuwa msaidizi wa maabara kwenye kituo kidogo cha wagonjwa wa ukoma, katika pori lililo kati ya Geita na Ushirombo. Lori la Katoro lilikushusha njia panda, ukatembea na mzigo wako kichwani mpaka uone mabati. Palikuwa na wodi mbili, kanisa, mashamba ya wagonjwa, na chumba kimoja chenye dirisha kubwa upande wa mashariki. Chumba hicho ndicho kilichokuwa maabara, na kwenye dirisha lile ndipo ilipokaa hadubini yetu, yenye kioo cha kuvuta mwanga wa jua. Wingu likipita, kazi inasimama.

Tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mzee Msumbwa mwenye mvi na suruali iliyopigwa pasi hata siku pasi ilipokosa mkaa. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa mtaratibu kupita kiasi, na mimi nina hasira za karibu, basi tulielewana kwa kutaniana. Kwake mimi nilikuwa "Msukuma wa ng'ombe," na siku nikivunja kioo aliuliza kama nilidhani ninafunga ndama.

Kazi ilikuwa hivi. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, unabana ncha ya sikio lake kwa vidole mpaka damu ihame, unachanja kidogo kwa wembe, unakwangua nyama ya ndani na kuipaka kwenye kioo, duara dogo linalotoshana na kifungo cha shati. Ikikauka unaimwagia rangi nyekundu, unaipasha kwa taa ya spiriti mpaka itoe mvuke, unasuuza. Halafu unamwagia dawa ya kuondoa wekundu, unasuuza tena. Halafu rangi ya buluu, na kusuuza mara ya mwisho. Kila kitu kinageuka buluu isipokuwa wadudu wa ukoma, ambao hawauachii wekundu wao. Ukitazama unaviona: vijiti vyekundu, vyembamba, vimelala ndani ya nyama ya buluu.

Basi unavihesabu, lakini siyo kwa papara. Kijiti kizima, kilichojaa rangi kutoka ncha hadi ncha, ni mdudu mzima. Kilichokatikakatika ni mfu. Vikiwa vimefungamana kama mzigo wa kuni, unakisia. Na Fundi alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka nikachoka kuisikia: "Hesabu kilichomo ndani ya nyama. Kilicho nje ya nyama si cha mgonjwa."

Mwanzoni kuhesabu kulinitaabisha kwa sababu nyingine. Baba yangu alichunga ng'ombe karibu na uzio wa mgodi wa almasi wa Mwadui, na hakuwahi kuwahesabu maisha yake yote. Ole wake mtoto aliyewanyooshea kidole akianza moja, mbili. Kwetu ng'ombe hahesabiwi, anajulikana. Jioni baba alisimama mlangoni pa zizi, akawatazama wakiingia, kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Yule mwenye baka shingoni amebaki bondeni." Na kweli ungemkuta bondeni. Kutaja idadi ya kitu chenye uhai kuliniwasha ulimi. Fundi alipojua alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akaniletea makopo mawili na punje za mahindi. Jicho linatazama hadubini, mdomo umefumbwa, mkono unahamisha punje kutoka kopo hili kwenda lile kwa kila kijiti kizima. "Mkono ndio unaohesabu," akasema. "Baba yako hawezi kukulaani kwa kucheza na mahindi."

Yeye pia akaanza kutumia makopo. Kila kioo tulikisoma wote wawili, kila mtu peke yake, bila kuambizana. Mwisho tuliweka makopo mezani na kila mmoja akachungulia la mwenzake. Yakitofautiana sana, tunarudia. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote, na sidhani kama kuna kituo kingine kilichohesabu ukoma kwa mahindi.

Kati ya wagonjwa alikuwepo mwanamke mmoja tuliyemwita Mama Mapacha. Alitokea Ushetu, kwenye wakulima wa tumbaku. Aliletwa na mumewe watoto wake pacha wakiwa bado wananyonya, wa kike wote wawili, na ilibidi awaachie mama mkwe. Nilipofika kituoni nilimkuta. Madoa ya mwilini yalikuwa yameshafifia. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekunjika na havikunyooka tena, lakini alilima, alisuka mikeka, na alicheka kwa sauti iliyofika mpaka jikoni kwa masista. Nilimpenda sana. Kwetu tulikuwa tumezaliwa wavulana watupu na mimi, na yeye alikuwa dada niliyemtaka.

Mwaka ule alikuwa anangoja kwenda kwao. Vioo vyake vilikuwa safi kila tulipompima, na Sista daktari, mkuu wa kituo, alikuwa amemwambia wazi: ukitoka safi na safari hii, unarudi nyumbani. Mumewe alikuwa mtu mwema lakini laini, na nyumbani sauti ilikuwa ya mama yake. Mama mkwe alikuwa ametuma ujumbe kwa dereva wa lori la tumbaku kwamba amechoka kulea, na kwamba kuna binti wa jirani aliye tayari kuolewa, na ng'ombe wa mahari wameshatajwa. Kama mke wa kwanza anarudi, arudi sasa, na arudi mzima. Kama harudi, mambo yaendelee. Mume alijibu kwamba atakuja kumchukua baada ya kipimo. Mama Mapacha alinieleza hayo akiwa anapepeta mtama, bila kulalamika.

"Wanangu wataniita shangazi," alisema. "Nitawaacha waniite hivyo. Polepole watajua."

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Tangi letu la maji ya mvua lilikauka mapema. Kwa kawaida tangi likikauka tulichemsha maji ya kusuuzia vioo kwenye birika lenye mpira, tukakusanya mvuke kwenye chupa, lakini hiyo ilitaka mafuta ya taa, na miaka ile mafuta ya taa yaliadimika kama sabuni na sukari. Ndipo Mama Mapacha alipoanza kutuletea maji. Hatukumwomba. Asubuhi nilifungua mlango nikamkuta na ndoo kichwani, na siku ya pili akaja na mtungi wa udongo mweusi aliouomba kwa wanawake wa jikoni, akauweka pembeni kwenye kivuli, juu ya mafiga matatu, na kuufunika kwa sinia. Maji yalitoka kwenye kisima cha bondeni, chini ya matete. Yalikuwa baridi na yana harufu nzuri ya udongo.

"Maji ya bati si ya kumpa mtu," alisema. "Maji ya bati ni ya kufulia."

Nilijua anachofanya. Kwao, kama kwetu, mwanamke anayeingia kwenye mji wa watu hupimwa kwa maji yake: anachota wapi, anayatunzaje, mtungi wake unanukiaje. Alikuwa anajizoeza. Alikuwa mkamwana tena, na sisi wawili tulikuwa wakwe zake wa mazoezi. Fundi alikunywa kikombe kila asubuhi na kumsifu kwa Kisumbwa. Mimi nilikunywa vikombe viwili. Na kwa kuwa mtungi ulikuwa palepale karibu na beseni, tukachota humo humo maji ya kusuuzia vioo.

Siku ya kipimo chake nilimchanja mwenyewe. Alifumba macho, akatabasamu. Nilitia rangi, nikasuuza, nikakausha, nikaketi dirishani na makopo yangu.

Nyekundu.

Vilikuwa vijiti vizima, vimejaa rangi kutoka ncha hadi ncha. Si vingi, lakini vilikuwepo. Mkono wangu ulihamisha punje na kila punje ilivyogonga kopo nilihisi kama imenigonga mimi. Nilimaliza, nikanyanyuka, nikampisha Fundi. Alikaa muda mrefu. Tulipoweka makopo mezani, yote mawili yalikuwa na mahindi.

"Pole," akasema.

"Pole ya nini? Umekosea."

"Basi tumekosea wote wawili, na kwa punje karibu sawasawa." Akavua miwani akaifuta. "Wengine huficha vidonge. Wanaweka chini ya ulimi, wanatema nyuma ya choo. Umeshaona mwenyewe."

Hapo nikapandisha mori. Nilimwambia kwamba Mama Mapacha humeza kidonge mbele ya dirisha langu kila siku na kunionyesha ulimi kwa utani, na kwamba mtu anayemsingizia angeona haya kwanza kwa maji yake aliyoyanywa asubuhi. Nilisema na mengine nisiyoyakumbuka. Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia hiyo ya kukuacha umalize, ambayo ilinichoma kuliko kama angenijibu.

Sista daktari alipokea majibu, akasema hana jinsi. Mama Mapacha ataendelea na vidonge, tutampima tena baada ya mvua. Yeye mwenyewe atamweleza. Alimweleza jioni ile, kwenye kibaraza cha wodi. Nilikuwa naona kwa mbali. Mama Mapacha alisikiliza akiwa amesimama, akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Usiku ule sikusikia kicheko chake.

Asubuhi alikuja na ndoo.

Sijui nilitegemea nini. Labda nilitegemea akae kitandani siku nzima na kunipa nafasi ya kumlilia. Lakini alikuja, akaufunua mtungi, akamimina, akafunika, akanisalimia salamu ya asubuhi, "Mwangaluka." Macho yalikuwa yamevimba. Nikaitikia kwa shida. Alipotoka nilikasirika hasa, nikamkasirikia Sista, na Fundi, na mkwe wa Ushetu, na ile hadubini, na nikakitoa kile kioo sandukuni nikakirudisha dirishani ili nikitazame upya mpaka kinieleze.

Sikuhesabu safari hii. Niliacha makopo. Nilitazama tu, kama baba alivyotazama zizi, nikitaka kujua kila kimoja ni nani. Na nilipotazama hivyo niliona jambo. Nyama ya buluu ikionekana vizuri, vijiti vilikuwa na ukungu. Ilibidi nizungushe kidogo kirungu cha kurekebishia hadubini ndipo vijiti vionekane wazi, na vikionekana wazi, nyama inapotelea kwenye ukungu. Havikulala ndani yake. Vilikuwa vimekaa juu yake, kama nzi juu ya mgongo wa ng'ombe.

Nikasogeza kioo kwa kidole gumba. Nikavuka mpaka wa nyama, nikaingia kwenye kioo kitupu, mahali ambapo mkono wangu haukupaka kitu. Vijiti vilikuwepo. Vyekundu, vizima, vimejilaza penye utupu.

"Fundi!" Nilipiga ukelele mpaka mpishi akachungulia.

Alikuja, akainama, akatazama. Nilimwona mgongo wake ukinyooka polepole. Hakusema "nilikwambia," wala mimi sikusema. Alichukua kioo kipya kwenye pakiti, akakifuta kwa spiriti, akakipitisha juu ya moto. Hakupaka chochote. Akakitia rangi nyekundu, akasuuza kwa maji ya mtungi, akatia dawa, akasuuza, akatia buluu, akasuuza. Akakausha, akanikabidhi.

Kioo kile hakikuwa na mtu. Hakikuwa na sikio la yeyote. Na kilikuwa na ukoma.

"Maji," akasema Fundi.

Sista alipoletewa habari alifungua kitabu chake kikubwa, akasoma, akarudi. Akatueleza kwamba wapo wadudu wa matopeni na majini, hawana madhara kwa mtu, lakini nao wakitiwa rangi hawauachii wekundu. Hukaa kwenye visima vyenye matete, kwenye mapipa, kwenye mitungi. Kiangazi chote tulikuwa tunasuuza vioo kwa maji yao. Akachukua dumu dogo la mafuta ya taa ya nyumba ya masista, yale waliyokuwa wanasalia nayo sala za jioni, akampa Fundi. "Chemsheni mvuke," akasema. "Tuanze upya, kwa wote."

Ilibaki kumwambia mwenyewe. Hilo nilipewa mimi, na ningeona nafuu kupewa kuchimba kaburi. Maana ningemwambia nini? Kwamba maji aliyotubebea kichwani kwa upendo ndiyo yaliyomwekea vijiti kwenye kioo chake? Mwanamke ambaye nyumbani kwao, kabla hajaletwa, walianza kumwaga maji ya mtungi aliougusa?

Nilimkuta akisuka mkeka. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana alinizidi umri, na pia nilikuwa nachelewesha. Kisha nikamweleza yote bila kupamba. Alisuka mpaka nilipotaja mtungi, hapo mikono ikasimama.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

"Si wewe. Ni kisima."

"Nimeyabeba mimi." Aliigeuza mikono yake akaitazama, ule mzima na ule wenye vidole vilivyokunjika. "Mama mkwe alisema hivyohivyo. Kila ninachokishika."

Nilitafuta maneno ya Sista, ya wadudu wa matopeni na wadudu wa ukoma, nikayaona yote hayafai. Nikamshika mkono, nikamnyanyua, nikamvuta mpaka maabara. Nikafunua mtungi, nikachota kikombe, nikanywa chote mbele yake. Nikachota cha pili nikanywa nusu, maana tumbo lilikuwa limejaa. Fundi, aliyekuwa akihangaika na birika lake, akaninyang'anya kikombe akamalizia.

"Mama Mapacha," akasema, "nimekunywa maji yako kiangazi chote. Kama yangekuwa na kitu, mke wangu angeshamrithisha mdogo wangu nguo zangu. Vioo havitaki maji yako kwa sababu vioo havina akili. Mimi nayataka. Kesho usiache kuleta."

Hakucheka, lakini kona za mdomo zilisogea. Kesho yake alileta.

Nilimchanja sikio la pili. Tulisuuza kwa maji ya mvuke, tone kwa tone, kama mtu anayepima dawa ya macho. Nilikaa dirishani mpaka jua likahama na ikabidi nihamishe meza. Nilitazama nyama ya buluu kila pembe, halafu nikampisha Fundi, nikaenda kusimama nje nikihesabu kuku wa masista kwa kidole bila kujali laana ya mtu. Alipotoka aliniita ndani. Makopo yalikuwa mezani. Langu lilikuwa tupu. Lake lilikuwa tupu.

Mume alifika na lori la tumbaku, mrefu, mpole, kofia mkononi. Sista alimpa karatasi yenye mhuri. Likizo yangu ilikuwa imewadia na njia yangu ya kwenda Shinyanga ingepitia Kahama, hivyo nikaomba niwasindikize, na kusema kweli ningewasindikiza hata kama njia yangu ingekuwa ya Bukoba. Mama Mapacha alifunga mikeka yake, na mtungi mweusi akamwachia Fundi, ambaye aliupokea kwa mikono miwili.

Tulifika kwao jioni, tumejaa vumbi. Mama mkwe alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya chini. Alitukaribisha vizuri, nikaona aibu kwa niliyokuwa nimemfikiria njiani. Mwanawe akampa karatasi. Hakujua kusoma. Aliikunja akaichomeka chini ya kopo la chumvi, kama karatasi yoyote. Mapacha walisimama nyuma yake wakishikana mikono, macho makubwa, hawamjui anayewatazama.

Kisha nikaona kikombe. Kwenye nguzo ya kibaraza vikombe vya nyumba vilikuwa vimetundikwa pamoja, na kwenye nguzo nyingine, peke yake, kilitundikwa kikombe kipya cha bati chenye kamba nyekundu mpinini. Sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Mama Mapacha naye alikiona. Damu ilinipanda, nikafungua mdomo, na yeye akaniwekea mkono begani akanizuia.

"Ndoo iko wapi, mayu?" akamwuliza mkwewe, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

Kabla hajaketi, na kabla hajapewa hata ugali, alikwenda kisimani. Alirudi giza halijaingia, ndoo imejaa, majani machache yakielea juu ili yasimwagike. Aliitua mlangoni, akapiga magoti, akasema, "Maji, mayu." Mama mkwe akashukuru, "Wabeja." Hakunyanyuka kwenda kuchota. Mazungumzo yakaendelea, ya tumbaku, ya lori, ya mvua itakuja lini. Ndoo ilikaa pale. Hakuna aliyechota. Mume alitazama miguu yake. Mama Mapacha aliendelea kupiga magoti kando ya ndoo, mgongo umenyooka, na mimi niliyekunywa maji yake kiangazi kizima sikuthubutu kwenda kuchota, kwa kuwa nilijua kunywa kwangu hapo hakungekuwa na maana yoyote. Mimi nilikuwa mgeni.

Mmoja wa pacha alisikia kiu. Ni hivyo tu, mtoto alicheza mchana kutwa akasikia kiu. Alikwenda kwenye nguzo iliyo karibu, akajinyoosha kwa vidole vya miguu, akakiondoa kikombe chenye kamba nyekundu, akaja akakizamisha ndani ya ndoo, akanywa. Akanywa tena. Maji yalimtiririka kidevuni.

Bibi yake alimtazama yule mtoto, akamtazama mama yake pale chini. Kisha akanyoosha mkono wake.

"Usiyamalize," akasema. "Lete hicho kikombe, na sisi tunywe."